Chuo cha Biashara Kilicho Jirani Yetu, na Faida Yake kwa Mfanyakazi

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa katika mkutano wa elimu wa tawi letu hapa Kawangware. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini siku hiyo.)



Nimeombwa nizungumze juu ya masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Nairobi: yalianzaje, yanafundisha nini, na sisi watu wa Kawangware tuna haja gani nayo. Najua wako watakaosema moyoni kwamba hayo ni mambo ya wenye mali na watoto wao. Mimi nasema ni mambo yetu pia. Mshahara wetu huamuliwa kwa hesabu, na mtu asiyejua kusoma hesabu huamuliwa na wengine.

Kwanza tujue mahali penyewe. Ukitoka hapa Kawangware, ukavuka barabara ya Waiyaki, ukapita Kangemi na Loresho, utafika Lower Kabete. Si mbali. Wengi wetu hupita huko tukienda kulinda, kujenga au kufanya kazi za nyumbani. Huko ndiko ilikokuwa ile Jeanes School ya zamani, ambayo mwaka wa 1961 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Utawala ya Kenya. Na karibu na hapo ndipo penye kampasi ya Chuo Kikuu inayojulikana kwa masomo ya biashara.

Jeanes School ina habari ya kutuhusu. Tom Mboya alisoma hapo kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Baadaye, mwaka wa 1953, alianzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Kisha mwaka wa 1955 alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, chuo kilichowekwa kwa ajili ya watu wa kazi, akakaa mwaka mmoja. Alikuwa tayari kiongozi mwenye sifa, lakini aliona kwamba ujasiri peke yake hautoshi mbele ya waajiri wenye wanasheria na makarani wa hesabu.

Sasa historia ya chuo chenyewe. Mwaka wa 1951 Serikali ya kikoloni ilipata hati ya kifalme ya kujenga Chuo cha Ufundi cha Kifalme hapa Nairobi. Wahindi wa Afrika Mashariki nao walikuwa wakichanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, na juhudi hizo mbili zikaunganishwa. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka wa 1956. Chuo kiliwekwa kifundishe hasa uinjinia na biashara, yaani masomo ambayo Makerere haikuwa nayo. Angalieni basi, ndugu zangu: masomo ya biashara hayakuletwa Nairobi juzi. Yalikuwamo tangu siku za mwanzo.

Tarehe 25 Juni 1961 chuo kikawa Chuo cha Kifalme cha Nairobi, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha London. Mwaka wa 1963 kikaunganishwa na Makerere na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Nchi tatu ziligawana kazi: Makerere ilikuwa na udaktari, Dar es Salaam sheria, na Nairobi ikawa na uinjinia na biashara. Mwaka wa 1970 muungano huo ulikwisha, na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Mwaka wa 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipanga upya idara zake, na ile iliyoitwa Shule ya Biashara ikawa Kitivo cha Biashara na Sayansi ya Menejimenti.

Tuje kwenye masomo. Digrii ya kwanza ni ya biashara, nayo huchukua miaka minne. Ndani yake mwanafunzi huchagua njia: uhasibu, mambo ya fedha, uuzaji, bima, ununuzi na ugavi wa vifaa, au usimamizi wa wafanyakazi. Juu yake iko digrii ya pili ya uongozi wa biashara, ile inayoitwa MBA, na digrii za pili za fedha na za usimamizi wa wafanyakazi. Mwisho kuna udaktari wa falsafa kwa wanaotaka kuchunguza na kufundisha.

Nataka tulitazame hilo somo la usimamizi wa wafanyakazi. Siku hizi huitwa usimamizi wa rasilimali watu. Rasilimali ni mali ya kuendeshea kazi, kama vile fedha, mashine na ardhi. Sasa na mtu ameandikwa katika orodha hiyo. Silaumu walimu, jina hilo linatumika dunia nzima. Lakini ofisa anayekaa mbele yetu siku ya mazungumzo amefundishwa hivyo. Amefundishwa kupima gharama yetu, kutokuja kwetu kazini, na hasara ya mgomo wetu. Yeye anatujua kwa hesabu. Je, sisi tunamjua kwa nini?

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka wa 2007, kifungu cha 57, inamtaka mwajiri akitoe mbele ya chama kila habari inayohusika, ili chama kiweze kujadiliana sawasawa juu ya mapatano. Hiyo ni haki kubwa. Lakini haki ya kuonyeshwa kitabu haimsaidii mtu asiyeweza kukisoma. Tukiletewa karatasi arobaini za tarakimu, tukatia sahihi kwamba tumezipokea, kisha tukazifungia kabatini, tumepata nini?

Nitatoa mfano wa kubuni, si wa kampuni yoyote. Kiwanda kimepata shilingi milioni 100 kwa mwaka. Malighafi na umeme ni milioni 50. Mishahara ni milioni 20. Uchakavu wa mitambo umeandikwa milioni 12. Ada ya uongozi inayolipwa kampuni mama iliyo ng'ambo ni milioni 10. Riba ya mkopo ni milioni 5. Jumla ya matumizi ni milioni 97, na faida iliyobaki ni milioni 3. Mwajiri anasema: "Ndugu, faida ni milioni 3 tu. Mkitaka nyongeza ya asilimia 10 mtatuua."

Asiyejua hesabu atafanya moja kati ya mambo mawili: atapiga meza kwa hasira, au atanyamaza kwa aibu. Lakini aliyesoma atatulia na kuuliza. Nyongeza ya asilimia 10 kwa mishahara ya milioni 20 ni milioni 2. Hiyo iko ndani ya faida. Tena ile milioni 12 ya uchakavu haikutoka mfukoni mwaka huu. Ni hesabu ya mashine zilizonunuliwa zamani. Si uongo, kwa maana mashine zitachakaa na zitahitaji kununuliwa nyingine, lakini ataulizia imepigwa kwa miaka mingapi. Na ile milioni 10 ya ada, imelipwa kwa kazi gani hasa? Kwa nini ada hiyo inashinda faida mara tatu? Maswali hayo matatu yana nguvu kuliko makelele ya watu mia tatu nje ya lango.

Tena elimu hiyo hukata pande zote mbili. Ziko siku ambazo vitabu vitaonyesha kwamba kampuni inaumwa kweli. Ndipo kiongozi anayejua kusoma atawaambia wanachama ukweli, nao watachagua kulinda kazi zao kwanza. Kiongozi asiyejua atawapeleka kwenye mgomo, na mwisho lango lifungwe kabisa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata kazi bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Mtaniuliza: mfanyakazi ataingiaje chuo hicho? Tuseme wazi kwamba mlango si mpana. Zamani Serikali ilibeba gharama za mwanafunzi, hata fedha za mfukoni. Mwaka wa 1991 ukaja mpango wa kuchangia gharama. Mwaka wa 1995 ikaundwa kwa sheria bodi ya mikopo, HELB. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua nafasi kwa wanaojilipia wenyewe, na madarasa ya jioni yakawapokea watu wanaotoka kazini. Hilo lilisaidia wengi, lakini lilisaidia zaidi wenye mshahara mnene. Mlinzi wa usiku na mama mwenye kibanda cha mboga hapa Kawangware hawakuweza karo ile. Na mwaka wa 2023 Serikali ilileta mpango mwingine, wa kupima uwezo wa kila nyumba. Kwa kawaida anayetaka digrii lazima awe amepata alama ya C ya kujumlisha katika mtihani wa kidato cha nne.

Lakini iko njia nyingine. Mwaka wa 1969 Serikali iliunda KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu na ya makatibu wa makampuni. Kwa mitihani yake mtu husoma kwa hatua, jioni au siku ya Jumamosi, akiwa bado kazini. Asiyefika alama ya digrii anaweza kuanza na diploma ya mafundi wa uhasibu, kisha apande hadi uhasibu kamili. Si njia fupi, lakini ni njia ambayo mtu wa kazi anaweza kuipita bila kuacha mshahara.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mambo matatu. Kwanza, tawi lichague wanachama wawili vijana, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na kuwalipia ada ya mitihani hiyo ya uhasibu kutoka katika mfuko wa elimu, kwa sharti la kukitumikia chama miaka mitatu. Pili, tukiandikie Kitivo cha Biashara tukiombe mwalimu mmoja aje kutufundisha, Jumamosi nne tu, jinsi ya kusoma hesabu za mwaka za kampuni. Chuo hicho kimejengwa kwa kodi, na kodi hiyo imo yetu. Tatu, kabla ya kufundishwa kusoma vitabu vya wengine, tuanze na vyetu. Mweka hazina atubandikie ukutani hesabu za tawi hili kila miezi mitatu. Hatuwezi kumwambia mwajiri afunue daftari lake na letu limefungwa.

Ndugu zangu, watoto wetu wakiingia chuo hicho na kuwa maofisa, tutafurahi. Lakini tusingoje watoto. Mapatano yajayo tutayafanya sisi wenyewe, na siku hiyo karatasi zitawekwa mezani. Nataka upande wetu wa meza awepo mtu atakayevaa miwani, ageuze ukurasa, na kusema: "Bwana, tarakimu hii inatoka wapi?"

Umoja ni nguvu.