KIDOLE KIMOJA TU: NAMNA YA KUVUTA TRIGA YA BASTOLA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Kamati imetuomba sisi tunaojizoeza shabaha tuseme maneno machache, kwa kuwa wako wenzetu walioingia mchezo huu kwa njia ya halali, na wako wengine ambao kazi ya ulinzi huwatia silaha mikononi. Hatukuja kumshawishi mtu atafute bastola. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, yakataza kuwa na silaha pasipo cheti, na hilo halina mjadala. Twataka kusema juu ya jambo moja dogo, nalo ni kidole kinachovuta triga.

Mchezo wenyewe ni wa kupiga shabaha huku mtu akienda. Mpigaji hutoka hapa kwenda pale, hupiga shabaha za karibu na za mbali, naye huhesabiwa alama pamoja na muda alioutumia. Chama cha dunia cha mchezo huu kiliundwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, Missouri, huko Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kina maneno matatu ya kukiongoza, yaani usahihi, nguvu na wepesi. Angalieni ya kuwa usahihi umetajwa kwanza.

Kwa nini kidole kina shida? Bastola ya Glock 17, ambayo polisi wa nchi nyingi huitumia, ikiwa tupu haifiki uzito wa kilo moja. Lakini kuivuta triga yake kwahitaji nguvu ya karibu kilo mbili na nusu. Basi nguvu ya kidole yashinda uzito wa bastola zaidi ya mara mbili. Vidole vingine vikijikunja pamoja na kile cha triga, bastola itageuka kabla risasi haijatoka.

Tupige hesabu. Tuseme ya kuwa kutoka alama ya kulengea ya nyuma mpaka ya mbele ni sentimita 16. Alama ya mbele ikihama milimita moja tu, basi kwa shabaha iliyo mita 8 risasi itahama sentimita 5, na kwa mita 16 itahama sentimita 10. Milimita moja ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayotenga shabaha na mtu asiye na hatia aliyesimama kando yake.

Sasa tuseme namna ya kufanya.

Kwanza, kidole kikae nje. Mpaka umekwisha kuona shabaha yako na kukata shauri kupiga, kidole cha shahada kilale kimenyooka ubavuni mwa bastola, juu ya kikuku cha chuma kinachozunguka triga. Katika mashindano, mtu akitembea au akibadili magazini na kidole chake kimo ndani ya kikuku, msimamizi humsimamisha na kumtoa katika mashindano hayo.  Sababu yake ni kwamba mtu akijikwaa au akishtuka, mkono wake hujikunja wenyewe bila kuuliza ruhusa.

Pili, kazi ya kushika na kazi ya kuvuta zitengwe. Mkono wa kushoto ubane kwa nguvu, ukiufunika ule wa kulia, ili kidole cha kulia kiwe huru. Katika mkono wa kulia kidole kimoja tu ndicho kinachokwenda, vingine vimetulia kama vilivyokuwa. Mtu wa mkono wa kulia akiona risasi zake zaanguka chini upande wa kushoto, mara nyingi asilaumu bastola, kwa maana ameuminya mkono mzima kama akamuaye ng'ombe.

Tatu, triga ivutwe moja kwa moja kurudi nyuma, isiende kulia wala kushoto. Weka nyama ya ncha ya kidole katikati ya triga. Ondoa kwanza ule ulegevu wa mwanzo, mpaka uhisi imefika mahali pagumu. Kutoka hapo ongeza nguvu bila kukatiza, macho yakiwa kwenye alama ya mbele, mpaka risasi itoke. Sisi wa reli twaujua mfano wake. Dereva mwema hushika breki kidogo kidogo, na abiria hamwagi chai yake. Yule anayeshika kwa ghafula huyagonganisha mabehewa yote toka kichwa mpaka mkia.

Nne, risasi ikitoka, iache triga irudi mbele mara moja, bastola ingali ikiruka, ili wakati alama zimerudi mahali pake kidole kiwe tayari. Wengi huibana triga nyuma wakishangaa mlio, kisha hukimbilia risasi ya pili kwa pupa. Hapo ndipo wepesi unapopotea.

Tano, kila shabaha ipewe haki yake. Iliyo karibu na kubwa yaweza kuvutwa upesi. Iliyo mbali na ndogo yataka uvutaji wa taratibu. Mwenye kuzipiga zote kwa haraka moja hukosa za mbali, na mwenye kuzipiga zote polepole hushindwa kwa muda.

Adui mkubwa ni woga wa mlio. Mwili wajua mshindo unakuja, basi husukuma bastola chini kabla ya wakati. Dawa yake yafanywa kiwanjani. Mwenzio achanganye risasi za uwongo, zisizo na baruti, na zile za kweli, wewe usijue zimo wapi. Triga ikilia pasipo mlio na bastola ikachovya pua chini, kila mtu ataona. Nyumbani mwenye cheti aweza kuzoea kwa bastola tupu, lakini risasi zote ziwekwe chumba kingine, chemba iangaliwe mara mbili, na mtutu uelekee ukuta uwezao kuzuia risasi. Mabati na mbao havizuii kitu, na nyuma yake jirani amelala na watoto wake.

Je, kidole huzaliwa nacho au hufundishwa? Mtazameni Károly Takács, sajini wa jeshi la Hungaria. Mwaka 1936 alinyimwa nafasi ya kwenda Olimpiki, ingawa alikuwa hodari, kwa kuwa nafasi zilikuwa za maofisa peke yao. Mwaka 1938 bomu la mkono lililokuwa bovu lilimlipukia na kuuharibu mkono wake wa kulia, mkono wa shabaha. Akaanza upya kwa mkono wa kushoto, na mwaka 1939 akawa bingwa wa nchi yake. Vita vikazuia michezo ya 1940 na 1944. Huko London mwaka 1948, akiwa na miaka 38, alishinda medali ya dhahabu kwa alama 580 katika 600, rekodi mpya ya dunia, na huko Helsinki mwaka 1952 akashinda tena. Katika shindano lake shabaha tano zilipigwa kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Kidole kile cha kushoto hakikujua kazi hiyo mpaka kilipofundishwa.

Ndugu wanachama, somo hapa ni letu sote. Ufundi hauko katika cheo, uko katika mafunzo. Basi mwenzetu akikabidhiwa silaha kazini pasipo kufundishwa, asinyamaze kwa kuogopa kuitwa mwoga. Alete neno kwa mjumbe wake, nacho chama kidai mafunzo kwanza, kiwanja na muda wa mazoezi, kama tunavyodai viatu na taa. Risasi ikitoka vibaya, atakayesimama mbele ya hakimu ni yule aliyevuta, na atakayelia ni mama wa yule aliyepigwa.

Mkono ushike, jicho lione, moyo ukate shauri, ndipo kidole kiende, tena kiende peke yake.