Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndiyo Ngoma

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara huwa na milima ya Udzungwa mkono wake wa kulia. Humo, katika Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1992, maporomoko ya Sanje hushuka kwa hatua tatu, jumla ya meta 170 hivi. Mtu huondoka Mang'ula asubuhi pamoja na kiongozi, na jioni amekwisharudi.

Ni matembezi mema. Ila ukiwa juu, kishawishi cha kuacha njia na kuteremka kwenye mawe yenyewe ni kikubwa. Hapo ndipo penye ngoma. Jiwe lenye utelezi hukushusha mahali usipoweza kupapanda tena, na mbele yako kuna genge jingine.

Hatari ya pili haionekani. Korongo hupokea mvua ya mlima mzima. Wewe waweza kuwa juani huku mvua inamwagika mbali juu. Septemba 1, 2019, katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, maji ya ghafla yaliwasomba na kuwaua watu 7. Mmoja wao alikuwa kiongozi wa watalii. Kumbe hata mwenyeji hakupona!

Basi, usishuke pale usipoweza kupanda. Kamba bila mtu ajuaye kuifunga si kinga. Muulize kiongozi kama mvua imenyesha mlimani, na akisema turudi, usimbembeleze. Maji yakigeuka tope ghafla, acha viatu, acha kamera, kimbilia juu.

Sanje itakuwepo wiki ijayo. Nasi tujihadhari, tuwepo.