Lugha ya Lebo: Rekodi za Selajinela ya Jangwani na Mafunzo Yake kwa Wanaisimu wa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmejiuliza mhadhara wa taaluma za Kiswahili una uhusiano gani na kijimea kinachoota katika milima ya jangwa la Sonora, huko Marekani na Meksiko. Mmea huo ni Selaginella eremophila, uliopewa jina hilo mwaka 1920 na William Ralph Maxon, mtaalamu wa mimea wa Smithsonian mjini Washington. Sehemu ya pili ya jina hilo imetokana na Kiyunani, na maana yake ni "kipenda jangwa". Hoja yangu ni kwamba rekodi za mmea huu ni matini kamili, na kwamba anayetaka Kiswahili kiwe lugha ya sayansi hana budi kuchunguza namna matini hizo zinavyojengwa.

2.0 Kielelezo na lebo yake

Katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kila kielelezo hubandikwa kwenye karatasi ngumu pamoja na lebo. Lebo hutaja jina la kisayansi, mahali, tarehe, mkusanyaji na namba yake; aghalabu hutaja pia mwinuko, aina ya mwamba na hali ya mmea ulipochumwa. Majani na masuke yaweza kuchunguzwa upya hata baada ya miaka mia. Lakini mteremko, kivuli na ufa wa jiwe havikubebwa hadi kwenye karatasi. Vimebaki katika maneno tu.

Tuchukue lebo inayosema "Palm Springs" na kuishia hapo. Mji huo wa California uko kwenye mwinuko wa mita 150 hivi, ilhali kilele cha San Jacinto kilicho juu yake kinafikia mita 3,302. Kati ya mji na kilele hali ya hewa hubadilika kutoka jangwa hadi misitu ya misonobari. Mtafiti wa leo anayetaka kujua kama mmea umehama kwa sababu ya joto hawezi kuitumia lebo hiyo ipasavyo. Upungufu wa maneno machache umegeuka kuwa upungufu wa ushahidi.

3.0 Mahali na hali katika sarufi yetu

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na la kutoa. Ngeli zetu za mahali ni tatu: PA kwa mahali mahususi, KU kwa eneo lisilo dhahiri, na MU kwa ndani. Tukisema "mwambani pana selajinela", tumeonyesha mahali maalumu. Tukisema "mwambani kuna selajinela", tumezungumzia eneo kwa jumla. Tukisema "mwambani mna selajinela", msikilizaji anaelewa kwamba mmea umo ndani, katika nyufa. Kwa mmea unaoishi jangwani, tofauti ya kuwa juu ya jiwe na kuwa ndani ya ufa wenye kivuli si jambo dogo. Inasikitisha kwamba katika uandishi wetu wa siku hizi "kuna" limekaribia kuzimeza "pana" na "mna". Twapoteza kifaa cha vipimo tulichorithi bila gharama.

Vivyo hivyo kwa hali ya kitenzi. Selajinela za jangwani hustahimili ukavu mkali: hujikunja na kubadilika rangi, kisha mvua ikinyesha hujikunjua na kuwa kijani tena. Kwa lebo ya mmea wa namna hii, "ulikauka" haitoshi, kwa maana inalisukuma tukio katika wakati uliopita bila kutuambia hali iliyokutwa. "Umekauka" inaeleza hali iliyokuwapo mkusanyaji alipofika, na haisemi kwamba mmea umekufa. Kiambishi -me- kinabeba hapa taarifa ya kibiolojia.

4.0 Tatizo la jina

Jina la Kiingereza la kundi hili huunganisha neno la suke na neno la mimea midogo ya kijani inayotanda kama zulia penye unyevu. Kulitafsiri neno kwa neno kungetupotosha, kwani selajinela wana mishipa ya kupitishia maji, ambayo mimea hiyo midogo haina. Napendekeza tutohoe: selajinela ya jangwani.

Majina ya kienyeji nayo yahitaji uangalifu. Nchini Meksiko, Selaginella lepidophylla huitwa doradilla; nchini Hispania jina hilohilo ni la kangaga, mmea mwingine kabisa. Kamusi inayoliandika jina bila kuonyesha kielelezo humwacha msomaji gizani. Peter Greenway wa kituo cha Amani, Usambara, alipochapisha kamusi yake ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937, na toleo la pili mwaka 1940, aliyaambatanisha majina hayo na majina ya kisayansi. Ndiyo sababu kazi yake ingali inaweza kukaguliwa.

5.0 Hitimisho

Tangu Januari 2012, kanuni za kimataifa zinataka maelezo ya spishi mpya za mimea yatolewe kwa Kilatini au Kiingereza. Lebo haifungwi na sharti hilo. Mlango huo uko wazi, nao wafaa kwa kuanzia. Wapo watakaosema kuwa lebo ya Kiswahili haitasomwa ng'ambo. Jibu ni kwamba jina la kisayansi, tarehe na vipimo vya ramani husomeka popote, na maelezo yaweza kuandikwa kwa lugha mbili.

Napendekeza basi mambo matatu. Mosi, wanafunzi wa isimu na wa botania waandae pamoja mwongozo wa lebo za Kiswahili. Pili, kila jina la kienyeji litajiwe lugha yake, ili Kishambaa kisihesabiwe kuwa Kiswahili. Tatu, kamusi zetu za mimea zitaje namba za vielelezo. Lugha inayoweza kueleza kwa usahihi ufa wa mwamba na kijani kilichojikunja ndani yake haihitaji kuombewa nafasi katika sayansi, yahitaji kutumiwa.