Ngano Inapomkataa Mlaji

Ndugu mkulima wa Kyela, leo tuache kidogo mambo ya mbegu na palizi, tuzungumzie sahani.

Wapo watu ambao ngano kwao ni adui. Ndani ya ngano na shayiri mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati unate na kuvutika. Mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Chakula kinapita, lakini mwili haupati kitu. Mtoto anaharisha, tumbo linajaa, anadumaa. Mtu mzima anakonda, anapungukiwa damu, anachoka.

Daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Njaa ilipoikumba nchi yake mwaka 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika, na watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena.

Sasa sikiliza vizuri. Si kila kuhara ni siliaki. Maji machafu na minyoo ndivyo vya kushukiwa kwanza. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya. Wakiona haja, watamtuma hospitali kubwa kupimwa damu na utumbo. Na usimwachishe ngano kabla ya kupimwa, maana kipimo kitadanganya.

Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kuacha ngano na shayiri maisha yote, hata kipande cha andazi. Je, atakula nini? Atakula vyako! Mchele, ndizi, muhogo, mahindi, ulezi, viazi, maharage na usipa wa ziwani havina gluteni. Basi kwa nini uuze mpunga wote wakati wa mavuno, kisha ununue unga wa ngano dukani? Weka kwanza magunia ya mgonjwa.

Jihadhari na mambo haya:

Usimkaangie samaki kwa mafuta yaliyokaangia maandazi.

Uliza uji wa lishe umechanganywa na nini.

Usisage ulezi wake kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano.

Bia ya shayiri asiguse.

Wenzake wakila maandazi, mkaangie vitumbua vya mchele mtupu. Wala asilazimishwe kuonja kwa heshima ya mgeni au ya sherehe. Hilo si deko, ni ugonjwa.

Kwa leo naishia hapo. Kazi njema shambani!