Shingo ya Baiskeli: Kukaza Siyo Kutengeneza



Katika Kaunti ya Nakuru baiskeli ni chombo cha kazi. Kule Molo hubeba maziwa, Naivasha hupeleka vibarua kwenye mashamba ya maua, na Hell's Gate hutembeza wageni, kwa kuwa hiyo ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo kuendesha baiskeli kunaruhusiwa. Watu wengi huangalia breki na upepo wa tairi. Wachache hukumbuka shingo.

Shingo ni mahali usukani unapoungana na foku inayoshika gurudumu la mbele. Ndani yake mna gololi, juu na chini, zinazozunguka kati ya kikombe na koni. Gololi za chini ndizo zinazoteseka zaidi. Hubeba uzito, hupigwa na kila shimo la barabara na kurushiwa matope na gurudumu. Vumbi laini la Bonde la Ufa likiingia kwenye grisi hufanya kazi ya msasa.

Hatari huonekana kwenye mteremko. Anayeshuka kutoka Bahati kuelekea Subukia akiwa na mzigo, usukani ukiwa umelegea, hutetemeka kila anapofunga breki. Usukani uliokazwa kupita kiasi nao hukwama, na baiskeli huyumba.

Kukagua shingo huchukua dakika moja:

1. Funga breki ya mbele kwa nguvu. Weka kidole pale foku inapokutana na fremu, kisha sukuma baiskeli mbele na nyuma. Kidole kikihisi mchezo, shingo imelegea.

2. Inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole kushoto na kulia. Unapaswa kwenda kwa ulaini. Ukisikia mkwaruzo, kuna uchafu au grisi imekauka. Ukinasa katikati, vikombe vimeshaingia vishimo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Shingo ikilegea, hukaza nati hadi mchezo uishe, bila kuangalia ndani. Gololi zikibanwa bila grisi hutoboa vishimo kwenye kikombe. Kazi iliyohitaji grisi kidogo sasa inahitaji vikombe vipya, na kuving'oa ni kazi ya fundi.

Kwa baiskeli za zamani, zikiwemo Black Mamba, foku ina nyuzi na nati mbili juu. Fungua breki ya mbele, ondoa gurudumu na utoe usukani. Tandika kitambaa chini, kisha shika foku kwa mkono mmoja unapofungua nati, kwani gololi zinaweza kumwagika. Zihesabu za juu na za chini kila upande peke yake. Kama zimo ndani ya kizimba, kumbuka upande uliotazama juu. Safisha kwa mafuta ya taa, mbali na jiko na watoto, kisha ufute zikauke. Gololi moja ikiwa imechakaa, badilisha zote kwa saizi ileile.

Paka grisi ya beringi kwa wingi. Oili chafu ya injini haifai, kwa sababu huchuruzika na kuvuta vumbi. Rudisha koni kwa mkono hadi mchezo uishe, ishike kwa spana, kisha ukaze nati ya juu dhidi yake. Unaporudisha usukani, usiuvute juu kupita alama iliyochorwa kwenye shina lake.

Baiskeli nyingi mpya za gia hazina nati hizo. Kabla ya kukaza skrubu ya kifuniko cha juu, legeza kwanza skrubu za pembeni zinazoshika usukani. Kaza ile ya juu kidogo kidogo hadi mchezo uishe, nyoosha usukani, kisha ukaze za pembeni. Za pembeni ndizo zinazouzuia usukani kuzunguka peke yake. Ile ya juu huondoa mchezo tu.

Ukimaliza, rudia ukaguzi ule wa dakika moja. Hakikisha breki imerudishwa sawasawa, kisha jaribu baiskeli mahali tambarare kabla ya kubeba mzigo au mtoto.

Inafaa shingo ifunguliwe kabla ya mvua za Machi na tena zikiisha. Wakati wa kuosha, tumia ndoo na kitambaa. Maji ya pampu ya kuoshea magari yakielekezwa shingoni husukuma grisi nje na kuacha kutu ndani.

Ukikuta ufa kwenye foku au fremu, usipande. Mpelekee fundi ukiisukuma kwa mguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye mteremko wa Subukia hakuna nafasi ya kujenga ukuta.