Askari Walilipwa, Wapagazi Je?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu waliopita Shinyanga wakiwa na mizigo vichwani, na majina yao hatuyajui.

Mwishoni mwa Agosti 1916 jeshi la Waingereza lililotoka Mwanza liliingia Shinyanga, likielekea Tabora. Wabelgiji waliwatangulia, wakauteka mji huo tarehe 19 Septemba. Nyuma ya bunduki za kila upande walikuwapo wapagazi. Wasukuma na Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo tangu enzi za misafara ya pwani, lakini wakati ule walikwenda kwa ujira. Katika vita wengi walichukuliwa kwa nguvu.

Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Askari wake Waafrika zaidi ya 1,100 wakawa mateka. Walisafirishwa kwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha kwa treni hadi Tabora, wakawekwa kambini. Homa ya mafua ya mwaka ule iliwaua baadhi yao. Waliopona walirudi makwao wakiwa bado wanadai mishahara.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa. Inasimuliwa kuwa wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Basi wengine walipewa ufagio mmoja mmoja, wakaamriwa kwa Kijerumani waushike kama bunduki. Hakuna aliyekosea.

Kisa hicho huwa kinatuchekesha. Lakini mimi najiuliza: mpagazi angepimwa kwa kitu gani? Upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ni wapagazi wapatao 95,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa. Mishahara mingi ya marehemu haikuwafikia warithi, kwa sababu majina yaliandikwa ovyo au hayakuandikwa kabisa. Wameachiwa jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi chao, nasi hulitaja tukienda kununua vitunguu.

Ndugu zangu, waulizeni wazee: nani katika ukoo alichukuliwa, na hakurudi? Andikeni jina lake. Na wewe mwenye duara huko Geita, vijana wanaokubebea viroba vya mawe wamo daftarini mwako? Duara likititia, mama zao watakuja kuuliza.