Uvimbe wa Kilele cha Pafu: Matokeo ya Upasuaji na Madhara ya Rufaa Iliyochelewa

Uvimbe wa kilele cha pafu ni saratani inayoota sehemu ya juu kabisa ya pafu, nyuma ya mtulinga. Henry Pancoast, bingwa wa eksirei wa Philadelphia, Marekani, aliueleza kwa kina mwaka 1932, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Ni chini ya asilimia 5 ya saratani zote za mapafu.

Upekee wake uko mahali unapoota, karibu na ubavu wa kwanza, mishipa mikubwa ya damu na neva ziendazo mkononi. Kwa hiyo mgonjwa huanza na maumivu ya bega yanayoteremka mpaka kidole kidogo, si kikohozi. Baadaye misuli ya kiganja hunywea, kope hulegea na mboni ya jicho la upande huo husinyaa.

Hadi miaka ya 1950 ulihesabiwa kuwa hauwezi kupasuliwa. Mwaka 1961 Shaw na Paulson walionyesha kuwa mionzi ikitangulia upasuaji, takriban wagonjwa 3 kati ya 10 huishi miaka 5. Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2007 ulitanguliza mionzi pamoja na dawa za saratani: asilimia 44 waliishi miaka 5, na asilimia 54 kwa waliotolewa uvimbe wote. Nchini Japani, kwa matibabu ya aina hiyo kwa wagonjwa 76, walioishi miaka 5 walikuwa asilimia 56. Kinachoamua ni kuutoa wote. Saratani ikibaki kwenye kingo, au ikiwa imeshaenea katikati ya kifua, faida ya kisu hupungua mno.

Tatizo kubwa kwa vituo vya afya kama cha Kibakwe, wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma, huanza kabla kisu hakijafikiriwa. Kifua kikuu nacho hupenda kilele cha pafu, na Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kivuli kikionekana juu ya pafu, dawa za kifua kikuu za miezi 6 huanzishwa hata makohozi yakiwa safi, yaani bila vimelea vya ugonjwa huo. Mkulima wa karanga mwenye maumivu ya bega huambiwa ni jembe, au baridi yabisi, akapewa dawa ya kutuliza. Uamuzi wa kuanzisha dawa za kifua kikuu unaeleweka, kwani kifua kikuu ndicho kilicho kingi. Lakini kumwacha mgonjwa amalize miezi 6 huku maumivu yakizidi ni kosa lisilovumilika, maana ndiyo miezi ambayo uvimbe unaoweza kutolewa wote hugeuka usioweza kutolewa.

Umbali huongeza uzito. Mionzi ya kabla ya upasuaji hutolewa siku 5 kwa wiki kwa takriban wiki 5, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, inayotoa mionzi hiyo, iko Dar es Salaam. Mgonjwa huhitaji nauli, malazi na ndugu wa kumwangalia.

Inapendekezwa, kwa kuzingatia miongozo ya Wizara ya Afya, kwamba maumivu ya bega yasiyopona kwa wiki chache yapigiwe eksirei ya kifua, si ya bega pekee. Kivuli cha kilele chenye makohozi safi na maumivu ya mkono kipelekwe Dodoma kwa kipimo cha CT na kuchukuliwa kinyama cha uvimbe kwa uchunguzi, hata kama dawa za kifua kikuu zimeanzishwa. Waratibu wa kifua kikuu wa wilaya wapitie upya kila mgonjwa asiyepata nafuu baada ya miezi 2. Upasuaji usifanywe kabla ya mionzi na dawa za saratani. Suala la malazi lizungumzwe siku ya kuandika rufaa. Isisitizwe tena: miezi 6 isisubiriwe. Na kwa aliyechelewa, mionzi bado hupunguza maumivu. Morfini ya maji itolewe mapema, bila kungoja majibu ya kinyama.